Ngazi ya Kuomba

Vijana wa kanisa letu hapa Kapsoya wameniambia niwaandikie juu ya kazi yangu. Wamesikia kwamba niliandika barua za watu kwa miaka mingi na hawaamini kwamba hiyo ilikuwa kazi. Ilikuwa kazi. Ilikuwa na meza yake, ambayo ilikuwa ubao uliolala juu ya magoti, na kiti cha mteja, ambacho kilikuwa sanduku la sabuni lililogeuzwa. Ofisi yetu ilikuwa veranda ya duka la Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa, hatua chache kutoka posta ya Eldoret, mji ambao wakati ule tuliuita Sisibo. Mvua ikija na upepo tulihamia ndani kati ya majora ya marekani, na mwenye duka alituangalia kwa hofu kwa ajili ya wino wetu.

Nitaanza na neno moja la Kiingereza, kwa sababu ndilo lililonilisha. Neno lenyewe ni "ask". Ninyi mnalijua tangu chekechea. Mimi niliacha shule darasa la nne nikijua kwamba maana yake ni kuuliza swali, basi. Nilipofika pale verandani nikakuta neno hilo lina watoto na wajukuu. Mzungu mwenye shamba alilitumia kumwalika jirani yake chai. Askari alilitumia kumhoji mtu asiye na kipande, kile kitambulisho cha kuvaa shingoni. Mwenye kuuza farasi alilitumia kutaja bei anayotaka, na mhubiri alilitumia kumwomba Mungu mvua. Na watu wetu waliokuja kukaa juu ya sanduku la sabuni walikuja na neno moja la Kiswahili, "naomba", ambalo ilibidi tulitafutie ndugu yake wa Kiingereza mwenye kimo kinachofaa.

Mwalimu wangu katika jambo hilo alikuwa Mzee Zakayo, Mmaragoli mfupi mwenye koti la kijeshi ambalo vitani lilivaliwa na mtu mwingine. Alikuwa karani wa stoo katika shamba la ngano mpaka macho yake yalipoanza kufifia. Alinichukua kwa sababu alihitaji macho, na mimi nilihitaji mahali pa kukaa mchana. Alikuwa na daftari la jalada gumu, na kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa amechora ngazi. Kidato cha juu kabisa kiliandikwa "demand". Chini yake "require", halafu "request", halafu "ask" lenyewe, halafu "apply", halafu "beg", na mwisho kabisa, karibu na udongo, "pray" na "beseech", maneno ya kusihi.

"Hiyo ngazi," aliniambia, "watu wetu hawapandi. Wanashuka tu. Kazi yako ni kujua mtu ashuke mpaka wapi bila kuvunjika mguu."

Mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kuzika mama yake alishuka mpaka "beg". Mtu anayeomba kulisha ng'ombe wawili zaidi kwenye shamba la Mzungu, kama alikuwa amefanya kazi hapo miaka mingi, angeweza kusimama kwenye "request". Ukiandika kwa Bwana Disii, mkuu wa wilaya, ulishuka mpaka chini na kuongeza unyenyekevu pembeni kama chumvi. Kidato cha "ask" hatukukitumia kabisa. Mzee Zakayo alisema kwamba hilo ni neno la watu wanaotazamana macho kwa macho, na barua zetu zote zilikuwa zinatazama juu.

Nilifanya makosa. Mtu asiyekosea katika kazi yake hajafanya kazi.

Alikuja mzee mmoja Mnandi, arap Sang, mrefu, amejifunga blanketi, na masikio yake yametobolewa. Mwenye shamba alikuwa amemchukulia ng'ombe kwa sababu ng'ombe huyo aliingia kwenye ngano. Mzee Zakayo alikuwa ameenda posta. Nikamuuliza mzee anataka niandike nini. Akasema, "Andika nadai ng'ombe wangu." Nikaangalia kamusi, nikaona kudai, nikaona "demand", nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Nikamsomea, akaweka kidole gumba, akaondoka ameridhika.

Baada ya wiki mbili alirudi. Alikuwa amefukuzwa shambani pamoja na mifugo yake yote, akapelekwa kituo cha polisi kuelezwa juu ya adabu. Mzee Zakayo aliposikia alivua kofia yake kichwani na kunipiga nayo begani mbele ya watu.

"Umempandisha mtu mpaka juu ya ngazi halafu ukaiondoa," alisema.

Arap Sang akamshika mkono. "Wacha kijana. Mimi nilisema nadai. Yeye aliandika nadai. Nyinyi wote mlioandika barua mji huu, yeye tu ndiye aliandika vile nilisema."

Kisha akakaa juu ya sanduku, akaomba tumwandikie nyingine, ya kutafuta mahali pa kuishi. Hiyo aliandikiwa na Mzee Zakayo, kwa "beg". Ng'ombe hakumpata tena. Mimi nilipata somo ambalo halimo kwenye ngazi: kwamba unaweza kuwa mkweli na ukamwangamiza mtu.

Kosa langu la pili halikuwa la kulia. Alikuja kijana wa Kibukusu aliyetaka kuposa binti wa karani wa reli. Alitaka posa iandikwe Kiingereza ili baba mkwe aone kwamba anayeomba ni mtu wa maana. Siku hiyo nilikuwa nimechoka kuandika barua za kutafuta kazi, na mkono ulijiendea wenyewe. Niliandika "I beg to apply" kwa ajili ya nafasi ya mkwe. Yule karani wa reli alikuwa mtu wa mizaha. Alijibu kwa mashine ya taipu, na muhuri juu, kwamba maombi yamepokelewa, na mwombaji aeleze ujuzi wake wa awali na alete barua za sifa kutoka kwa waajiri wawili.

"Waajiri gani?" kijana akauliza, ameshika ile karatasi kama nyoka. "Mimi sijawahi kuoa."

"Basi mwambie ndiyo kazi yako ya kwanza," Mzee Zakayo akamjibu. "Utafundishwa ukiwa kazini."

Alioa, na mtoto wao wa kwanza alibatizwa Eliudi, jina langu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa shukrani au dhihaka.

Sasa niwafundishe kitu cha kazi, ambacho mtu anaweza kukitumia hata kama haandiki kwa kalamu. Mteja akikaa, usianze kuandika. Mwache aseme. Atasema yale aliyoyapanga njiani, halafu atanyamaza. Usiandike bado. Angalia nje, chonga penseli, futa nibu ya kalamu. Atasema tena, na hayo ya pili ndiyo shida yake. Akinyamaza mara ya pili, ndipo uchovye kalamu. Mzee Zakayo aliita hiyo kumngoja mtu afike. "Mwili wake umekaa hapa," alisema, "yeye mwenyewe bado yuko njiani." Halafu ukimaliza kuandika, mrudishie maneno yake kwa lugha yake, polepole, na uangalie uso. Uso ukikataa, chana karatasi. Usiweke kidole cha mtu kwenye maneno ambayo uso wake umeyakataa.

Niliwafanyia hivyo mamia ya watu. Mimi mwenyewe nilichelewa kukaa kwenye sanduku lile, na ilinigharimu.

Sisi tulizaliwa watatu: mimi, Hezroni, na wa mwisho Rasoa. Baba alilima kwa maksai katika shamba la Kaburu mmoja upande wa Kapseret. Tulikuwa na kibanda, kipande cha kulima na sufuria moja. Mama alifariki kwanza, kwa homa ya mapafu, na kabla hajafa alinipa kazi. Alisema, "Eliudi, msile kwenye sufuria tatu." Mwaka uliofuata baba naye akaenda. Sheria ya shamba ilikuwa kwamba kibanda ni cha mtu aliyetia sahihi mkataba, na aliyetia sahihi alikuwa amekufa. Nyapara alikuja asubuhi, akasema kama hakuna mwanamume wa kusaini tuondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa na miaka kumi na minne hivi. Nilienda shule kurudisha kitabu cha hesabu, nikamwambia mwalimu kwaheri, nikaenda kusaini. Nilijua kuandika jina langu, lakini nyapara alisema kidole kinatosha.

Nilikishika kibanda kile misimu miwili. Halafu shamba likauzwa, na mwenye shamba mpya hakutaka familia kwenye ardhi yake, alitaka wafanyakazi peke yao. Mjomba wetu alimchukua Hezroni kwenda Maragoli kuchunga ng'ombe. Rasoa, aliyekuwa na miaka minane, alipokewa na bweni la wasichana la misheni moja mbele ya Turbo. Mimi nikaja mjini. Sufuria ilibaki kwangu, maana nilikuwa mkubwa.

Sijui kama ninyi mmewahi kupika ugali wa mtu mmoja. Haupimiki. Kila jioni nilipika wa watu watatu, na asubuhi nilikula ule uliobaki, umekauka, kabla ya kwenda verandani. Majirani katika lokesheni, mtaa wa Waafrika, walidhani nina wageni.

Miaka saba ilipita hivyo. Hezroni alipata kazi ya reli, akaenda Uganda, akaoa huko. Nikabaki na Rasoa kichwani. Nilipata chumba cha pili, nikatengeneza kitanda kwa mbao za masanduku, nikapaka chokaa ukutani. Nilipokuwa tayari nilikaa na kalamu yangu nikaandika barua kwa Misi mkuu wa bweni, nikiomba dada yangu aruhusiwe kuja kuishi nami. Niliiandika kwa ustadi wote niliokuwa nao. Nilianza kwa unyenyekevu, nikashuka kidato baada ya kidato, nikafika "beg", nikafika "pray", na mwishoni nikajiita mtumishi wake mtiifu. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Sikumwonyesha Mzee Zakayo kwa sababu nilitaka kumshangaza na jibu.

Jibu lilikuja kwa Kiswahili, mistari mitatu. Lilisema kwamba bweni halishughulikii barua zilizoandikwa na waandishi wa maduka ya mjini. Kama kaka wa msichana huyu ana haja naye, na aandike mwenyewe, hata kama hajui kuandika vizuri.

Niliisoma mara nyingi. Nilitaka kurudisha barua kueleza kwamba mwandishi wa dukani na kaka ni mtu mmoja, lakini kila sentensi niliyoanza ilitoka kwa ule mwandiko wa mviringo, na maneno yale yale yaliyokwisha kuombea watu ng'ombe, likizo na mabati. Sikuwa na mwandiko mwingine. Sikuwa na Kiingereza kingine. Nilikuwa nimewakopesha watu sauti yangu mpaka Misi alipoisikia alidhani ni ya kukodi.

Asubuhi iliyofuata Mzee Zakayo aliniona nimekaa bila kufungua wino. Nikampa ile karatasi. Akaisogeza karibu na jicho lake la kulia, ambalo lilikuwa bado linaona kidogo, akaisoma yote. Halafu akauchukua ubao wangu akauweka juu ya magoti yake.

"Kaa kwenye sanduku," akasema.

"Mzee, macho yako hayawezi."

"Sijakwambia naandika. Nimekwambia kaa."

Nikakaa. Ni chini kuliko nilivyodhani. Mtu akiwa pale anaona viatu vya wapita njia na anamtazama mwandishi kutoka chini. Mzee Zakayo akaniuliza, kama tulivyowauliza wote, "Haya, ndugu, una shida gani?"

Nikamweleza juu ya chumba, juu ya kitanda, juu ya chokaa. Nikamwambia kwamba msichana anapaswa kuwa na watu wake, na kwamba mimi ndiye mkubwa. Nikanyamaza. Akachukua nibu akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Akaangalia barabara. Gari la ng'ombe la Kaburu lilikuwa limekwama kwenye tope mbele ya duka la chuma, na watu wanapigia maksai kelele. Akaliangalia mpaka likatoka.

Ndipo nikasema, "Nataka mtu wa kula naye."

Sikujua kwamba nitasema hivyo. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilisema kama mtoto, barabarani, mchana.

Mzee Zakayo akauweka ubao chini. "Hiyo si barua ya Misi," akasema. "Hiyo ni ya Rasoa. Yeye umemwandikia?"

Nilikuwa sijamwandikia. Kwa miaka saba nilimtumia sabuni, kitambaa, viatu wakati wa Krismasi, na salamu kupitia watu waliokwenda huko. Nilikuwa nikiandika barua tano, sita kwa siku, na sikuwa nimemwandikia dada yangu hata moja, kwa sababu nilikuwa nikingoja kuwa na jambo la kumwambia. Wala sikuwa nimemuuliza kama anataka kuja.

Jumamosi hiyo nilipanda lori mpaka Turbo, nikalala kwa Mkristo mwenzetu, na Jumapili nikatembea mpaka misheni. Baada ya ibada waliniruhusu kukaa na Rasoa kwenye benchi nje ya jiko la bweni, ambapo Misi angeweza kutuona kupitia dirisha. Alikuwa amenipita kimo. Nilikuwa nimebeba mtoto wa miaka minane kichwani mwangu, na hapa palikuwa na mwanamwali mwenye sauti ya mama.

"Nilisoma barua yako," akasema. "Misi alinionyesha."

"Uliionaje?"

"Ilikuwa kama tangazo la serikali. Nilifika chini nikatafuta mahali wameandika faini."

Nikacheka, naye akacheka. Nikamwambia kwamba nimetengeneza kitanda.

"Nani alikwambia utengeneze, kaka?"

"Mama alisema tusile kwenye sufuria tatu."

Akaangalia mikono yake. Akaniambia kwamba pale misheni wamepata nafasi mbili za wasichana kwenda kusomea ualimu, mbali, miaka mitatu, na baada ya hapo watapelekwa kufundisha popote watakapohitajika. Yeye ni mmoja wa waliochaguliwa. Lakini kamati haiwezi kumchukua msichana bila barua kutoka kwa mwanamume mkubwa wa nyumba yao. Mjomba alikuwa amekataa kuandika, akasema mkubwa ni mimi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nikikuomba utakubali. Wewe tangu zamani ukiombwa unakubali. Uliacha shule hakuna hata aliyekuomba." Akanigeukia. "Sitaki ukubali kwa sababu nimekuomba. Nenda nyumbani. Ukiona haiwezekani, nitakuja, na nitapika, na sitanung'unika. Nakuambia kweli."

Nilijua anasema kweli. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Ningeweza kumpata. Ningesema neno moja pale kwenye benchi, na mwisho wa muhula angekuja na sanduku lake la mbao, tukawa wawili mezani.

Sikwenda nyumbani kwanza. Niligonga mlango wa Misi, nikamwomba karatasi na kalamu, nikamwambia nitaandika mbele yake ili ajue ni mkono wangu. Alinipa kiti mezani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika juu ya meza ya kweli, na nilikosea nafasi ya kuweka kiwiko.

Niliandika kwa Kiingereza, mistari minne. Nilisema kwamba mimi ni Eliudi, kaka mkubwa wa Rasoa, na kwamba wazazi wetu wamekufa. Nilisema kwamba niliacha shule ili yeye apate mahali pa kulala, na sasa nataka asiiache yake. Mstari wa mwisho ulisema, "I ask you to send her." Sikuongeza unyenyekevu. Sikujiita mtumishi wa mtu. Nikatia sahihi jina langu lote.

Misi aliisoma akiwa amesimama. "Hii umeandika mwenyewe," akasema.

"Ndiyo, Misi."

Akasema kamati itakaa wiki hiyo na nitapata jibu kwa posta. Rasoa alinisindikiza mpaka kwenye mipaka ya misheni, mahali wasichana walipokatazwa kupita, na hapo akanishika mkono kwa muda mrefu, kwa jinsi ambayo watu wa kwetu hawafanyi.

Wengi wenu mmesikia habari zake. Alifundisha kuanzia Kitale mpaka Pwani, na kila muhula aliniandikia kurasa mbili, moja ya habari na moja ya kunicheka. Hakurudi kuishi Eldoret, wala mimi sikumwomba.

Nimeandika barua nyingi za kuomba kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila moja niliipeleka nikitumaini itakubaliwa, isipokuwa ile ya mistari minne. Siku nne nilikwenda posta asubuhi na alasiri, na kila nilipokuta hakuna kitu niliondoka mwepesi. Siku ya tano karani aliniita kwa jina kabla sijafika dirishani. Niliifungua pale pale, nimesimama kwenye njia ya watu. Walikuwa wamekubali.